Barua ya malalamiko: Nimeuziwa fimbo ya ziwani kwa maneno ya baharini

Shangani,
Mtwara.
10 Machi 2025

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Duka la Zana za Uvuvi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU FIMBO, RILI NA MSHIPI NILIVYONUNUA TAREHE 11 JANUARI 2025 NA KUNYIMWA WARANTI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi hiyo ya Januari nilikuwa Dar kwa msiba wa jamaa, nikapita dukani kwenu kabla ya kupanda basi. Nilinunua fimbo ya kuvulia na rili yake, yaani kile kifaa cha kukunjia mshipi, kwa shilingi 340,000, mshipi wa nailoni kwa shilingi 48,000 na boksi la vyambo vya bandia kwa shilingi 62,000. Jumla shilingi 450,000. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ninayo, nakala yake nimeiambatisha. Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la korosho. Hiyo ilikuwa hela ya msimu, iliyobaki baada ya ada za watoto na bati za jikoni, na mke wangu hadi leo anaitaja kwa tarakimu zake zote.

Lalamiko lenyewe ni hili. Kabla ya kulipa niliuliza mara mbili kama vifaa hivi vinafaa baharini, nikaambiwa vinafaa. Vilipoharibika mmenirudishia na karatasi inayosema vimeharibiwa na maji ya bahari. Chagueni jibu moja.

Nianze na hapo dukani. Nilimweleza kijana aliyenihudumia kwamba fimbo naijua kwa macho tu. Nimekulia kwenye mshipi wa mkono, ule unaozungushiwa chupa ya plastiki, ukaulaza juu ya kidole cha shahada na kusikiliza samaki anavyodonoa. Nikamwambia natafuta kitu cha starehe ya Jumapili, cha kuvulia ndani ya mashua kwenye ghuba ya Mtwara na nje kidogo upande wa Msangamkuu, nipate changu, kolekole na, Mungu akijalia, nguru mdogo. Nikauliza, "Chumvi haitaisumbua?" Akajibu, "Bosi, hii ni mashine. Ziwa, mto, bahari, popote unapiga kazi." Wakati wa kulipa nikauliza tena, maana kazi yangu ni kupima gunia na kulirudia. Akacheka. "Mzee wangu, popote." Kisha kwa mkono wake akanitilia chubwi nne, zile risasi za kuzamisha mshipi, za gramu 80 kila moja, kwenye mfuko, zawadi ya duka.

Nyumbani mpwa wangu aliyeko chuo akasoma maandishi madogo yaliyo juu ya mshikio wa fimbo. Urefu futi 7, nguvu ya wastani, uzito wa kurusha robo hadi robo tatu ya aunsi. Robo tatu ya aunsi ni gramu 21. Kwa hiyo duka lilelile lililoniuzia fimbo ya gramu 21 ndilo lililonipa risasi ya gramu 80 niifunge kwenye ncha yake. Namshukuru mpwa, la sivyo ningeivunja siku ya kwanza, na nina hakika mngesema nimeivunja kwa uzembe.

Halafu nikafungua boksi la vyambo. Minyoo ya mpira ya rangi ya zambarau, pakiti tatu. Visamaki vya plastiki vyenye ulimi mwangavu kama kioo. Na vyura watano. Vyura wa mpira, watupu ndani, miguu ya nyuzi, kila mmoja na ndoana mbili zilizokunjiwa mgongoni. Siku nilipomfunga wa kwanza, binamu yangu mwenye mashua alimtazama, akazima injini kabisa, akaniuliza, "Karani, huyu baharini kafuata nini?" Sikuwa na la kusema. Pale diko sasa naitwa Mzee Chura, hata na watoto wanaoparua samaki.

Jibu la swali la binamu nimelipata baadaye kwa kujisomea. Chura yule ni wa kumvulia bass, samaki wa maji baridi wa Marekani, mwenye mdomo mpana, anayejibanza chini ya majani na magogo akivizia kinachopita juu. Chura anaburutwa juu ya majani, ndoana zimelala mgongoni zisinase, na samaki anamrukia kutoka chini. Kwa wenyewe huo ni mchezo unaoheshimika. Rekodi yao ya dunia, bass wa pauni 22 na aunsi 4, yaani kilo 10 na kidogo, iliwekwa huko Georgia mwaka 1932, na ilikaa mpaka mwaka 2009 ndipo ikafikiwa Ziwa Biwa, Japani. Afrika Mashariki yupo pia. Ziwa Naivasha la Kenya alipandikizwa mwaka 1929. Fimbo mliyoniuzia, rili yake na vyura wake vimebuniwa kwa ajili ya samaki huyo na maji yake, na kwa Naivasha naamini ni vifaa vizuri. Mimi niliwaambia natoka Mtwara.

Rili nayo ni ile inayokaa juu ya fimbo, ambayo ngoma yake huzunguka wakati wa kurusha na inabidi uibane kwa dole gumba. Aliyeizoea anaweza kudondosha chambo ubavuni mwa gogo anapotaka. Mwanafunzi, tena upepo wa kaskazi unampiga usoni, chambo chake kinapunguza mwendo hewani huku ngoma ikiendelea kuzunguka, na mshipi wote unafumka na kujisokota pale pale kwenye rili. Asubuhi ya kwanza nilifumua mafundo mpaka jua likatoboa kofia, binamu na chupa yake akipandisha changu mmoja baada ya mwingine. Rili za kuning'inia chini ya fimbo, ambazo ngoma yake imetulia wakati wa kurusha, ndizo rahisi kwa mtu kama mimi, na zilikuwepo ukutani kwenu, niliziona. Hili silidai fidia. Nalitaja kwa sababu kijana hakuniuliza nimewahi kurusha au la. Aliuza kilichokuwa karibu na mkono wake.

Sasa uharibifu. Nilitoka na vifaa hivi mara nne tu. Kila niliporudi nilikaza breki, nikaimwagia rili maji ya kisima polepole, nikaipangusa na kuianika kivulini. Safari ya pili tulirudi usiku, nimechoka, nikaiosha kesho yake asubuhi. Nakiri hilo, msije mkadhani naficha. Lakini kifaa cha "popote" kinachokufa kwa usiku mmoja wa chumvi, hiyo popote yake ni wapi? Kufikia safari ya tatu mkono wa rili ulikuwa unasaga, unausikia hadi kwenye kiwiko, kama wali wenye mchanga.

Jumapili tarehe 9 Februari, mwezi ukikaribia kujaa na maji ndiyo yanaanza kupanda, tulitia nanga kwenye mwamba tunaoujua. Kabla ya kutoka nyumbani nilikuwa nimeipima breki kwa mizani ya kuning'iniza na kuiweka iachie kwenye kilo 2 na nusu. Wavuvi wa fimbo huiweka kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi, na mshipi wenu umeandikwa pauni 20, ambazo ni kilo 9. Samaki akivuta kuzidi kipimo hicho, rili inatakiwa iachie mshipi taratibu, achoke mwenyewe. Akala kolekole. Nilimpandisha hadi tukauona ubavu wake ukimeta, kama kilo tatu hivi, nne labda. Alipoiona mashua akageuka kwenda chini, na rili haikuachia hata shibiri moja. Ncha ya fimbo ikazama majini. Nikageuza gurudumu la breki kulegeza, likazunguka bure kama kifuniko kisicho na chupa. Mshipi ukakatika, nikakalia tako kwenye ubao. Binamu hakucheka. Alisema tu, "Pole, karani," na hiyo pole iliniuma kuliko wangenicheka pwani nzima.

Tarehe 17 Februari niliwatumia rili na kipande cha mshipi kwa basi, nauli ya kifurushi shilingi 10,000. Tarehe 27 vikarudi, shilingi 10,000 nyingine nikalipa mimi, na karatasi yenye mstari mmoja wa kalamu: "Imeingiwa na maji ya chumvi. Nje ya waranti." Hakuna jina, hakuna sahihi. Kuhusu mshipi, hata neno.

Kadi yenu ya waranti inasema mwaka mmoja. Nimeisoma mbele na nyuma, haina neno bahari wala chumvi. Onyo lipo kwenye kijikaratasi kilichokunjwa mara nane ndani ya boksi, boksi ambalo dukani lilikuwa limefungwa kwa gundi: itumike kwenye maji baridi. Mtengenezaji aliwaambia. Mlichotakiwa kufanya ni kuniambia na mimi.

Baada ya kukataliwa nilimpelekea rili fundi wa cherehani hapa mjini, mtu mtulivu, akaifungua juu ya gazeti mbele yangu. Boksi linajinadi kwa beringi 12 na 1, yaani 13. Tulihesabu beringi za chuma 5, tatu zimeshika kutu zisizozunguka hata kwa koleo. Kwingine kote ni vikombe vya plastiki. Sahani za breki zilikuwa zimegandana kwa uji wa kijivu, aluminiamu iliyoliwa na chumvi. Picha ziko kwenye bahasha. Mtasema kwa kuifungua nimevunja waranti, lakini waranti yenyewe mlikuwa mmeshaikataa.

Mshipi hauna kisingizio cha chumvi kabisa, kwa sababu niliupima kavu, sehemu iliyobaki kwenye roli ya dukani, haijawahi kuona maji. Na nailoni ikilowa hupungua nguvu, kwa hiyo kuupima mkavu nimewapendelea. Niliuzungusha mara nyingi kwenye bomba laini badala ya kufunga fundo, ili fundo lisije likasingiziwa, nikavuta polepole. Ulikatika kwenye kilo 5.3, kisha 4.9, kisha 5.6. Umeandikwa kilo 9. Mizani niliyotumia nimeilinganisha na mawe ya ghalani yaliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na kama kuna kitu kimoja duniani ninachokijua, ni kusoma mizani. Mkulima akileta gunia la kilo 50 akaliandika 90 tunamrudisha nyumbani nalo.

Niko kwenye funga, nimeyaacha maneno mengine niliyokuwa nayo. Ninachodai ni shilingi 340,000 za fimbo na rili, shilingi 48,000 za mshipi na shilingi 20,000 za vifurushi viwili, jumla 408,000. Vyambo sidai. Minyoo ya zambarau imenipatia changu wawili, na haki isemwe. Kama mnaona vyema kunibadilishia badala ya kurudisha fedha, nitakubali rili ya kuning'inia ambayo mtengenezaji wake ameandika mwenyewe kuwa ni ya maji ya chumvi, fimbo ya fiberi yenye kubeba hizo gramu 80, na mshipi ambao mtaupima dukani kabla ya kuutuma. Siyo rili nyingine ya namna ileile. Na kijana yule msimfukuze. Anajua kuongea na watu, mpeni tu siku moja ya kusoma maandishi yaliyoko kwenye fimbo anazouza.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu lenye jina na sahihi ya mtu, nitapeleka nakala hii na viambatisho vyake Tume ya Ushindani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji aliyeambiwa matumizi ya kitu, akaaminiwa kwa ujuzi wake, atoe kitu kinachofaa kwa matumizi hayo. Mimi niliwaambia matumizi, na nikawaamini.

Simu yangu mnayo kwenye nakala ya risiti. Mkituma kwa basi, naomba nauli mlipe huko huko, na mnipigie kabla halijaondoka, kwa kuwa mwezi huu baada ya futari ghala linafunguliwa tena na stendi nafika usiku tu.

Wenu,

Karani wa mizani,
Shangani, Mtwara.

Viambatisho: nakala ya risiti, nakala ya kadi ya waranti, kijikaratasi cha ndani ya boksi, karatasi yenu ya kukataa, picha sita za rili iliyofunguliwa, vipande vitatu vya mshipi vilivyokatika kwenye mizani, na chura mmoja.