Kabla hujasema mteja hajui kutumia simu

Kazi yetu ni kukagua kama programu za simu zinatumika na watu wenye ulemavu. Chama kimoja cha akiba na mikopo kilituletea programu yake ya simu tuikague. Lalamiko lao lilikuwa fupi: wanachama wachache ndio wanaolipa kwa simu, wengine bado wanapanga foleni dirishani. Tukamkabidhi mkaguzi wetu asiyeona. Akawasha TalkBack, kisoma skrini kinachokuja na simu nyingi za Android, akatelezesha kidole. Simu ikasema, "Kitufe." Akatelezesha tena. "Kitufe." Mara tano. Kuweka, kutoa, kukopa, salio, msaada: vyote vilikuwa picha za kupendeza zisizo na jina.

Mtu akikwama hapo hufanya nini? Humpa mtoto, jirani au wakala simu yake pamoja na namba ya siri. Hapa ndipo tunapoumia zaidi. Kila siku tunawaonya watu wasimtajie yeyote namba ya siri, halafu tunawatengenezea programu isiyotumika bila kuitaja. Mtu mzima salio lake linajulikana nyumba nzima, na pesa ikipungua hajui aanze kumuuliza nani. Na dawa yake ni ndogo mno: kila kitufe kina mahali pa kuandikiwa jina ambalo kisoma skrini hulisoma. Fundi alikuwa ameparuka. Majina yote ya programu ile tuliyaandika kwa siku moja.

Vidole vina kazi zaidi. Skrini ya kugusa hutambua kidole kwa sababu mwili hupitisha umeme, kwa hiyo mikono mingi ya bandia haitambuliwi na skrini. Alama za vidole vya mkulima au fundi ujenzi huwa zimesuguka, mashine ikazikataa. Ukiweka alama ya kidole iwe mlango pekee wa kuingilia, umewafungia nje watu wanaofanya kazi kwa mikono yao. Picha ya uso nayo si mbadala kwa kila mtu: asiyeona anaambiwa aweke uso katikati ya duara, na mara nyingi hakuna sauti ya kumwelekeza. Bakizeni na namba ya siri kama njia ya kuingilia.

Kwa mkono unaotetemeka, Google hupendekeza kitufe kisipungue dp 48 (dp ni kipimo cha vitu kwenye skrini), yaani kama milimita 9 kila upande. Tumewahi kuona "Thibitisha" na "Ghairi" vimebanana kama dagaa kwenye kopo.

Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe tunayakataa moja kwa moja. Mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, unataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na rangi iliyo nyuma yake iwe angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na wa kwanza kuumia ni watu wenye ualbino, ambao wengi wana uoni hafifu na macho yasiyostahimili mwanga mkali. Na ukiandika "ukipata tatizo piga simu", kiziwi atapigaje? Weka na njia ya ujumbe, kwa Kiswahili chepesi, maana viziwi wengi lugha yao ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania.

Ukaguzi wetu huchukua siku mbili, na wakaguzi wenye ulemavu wanalipwa kama mafundi wengine. Kabla hujaja, fungua Mipangilio, ingia Ufikivu, washa TalkBack. Gusa mara moja kusikia, mara mbili kufungua. Kisha fumba macho ujaribu kulipa shilingi elfu moja kwenye programu yako mwenyewe, na uje utueleze ulikwama wapi.