Baba Upendo, usiifomati hiyo diski

Mwanjelwa, Mbeya
14 Julai

Kwako Baba Upendo,

Kamwene! Huku baridi imekaza, asubuhi Mlima Loleza hauonekani kwa ukungu. Watoto wazima, shemeji yako anakusalimu.

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, usingizi ukaruka. Unasema umechomeka diski niliyokutumia kwa basi, Windows ikataka uifomati kwanza, yaani uifute na kuiandaa upya, na kijana wa hapo jirani akakwambia, "Bonyeza tu mzee, itafunguka." Itafunguka kweli, ila ikiwa tupu. Usibonyeze! Na kama kuna mkono uliobonyeza tayari, usiandike chochote humo, irudishe kwangu hivyo hivyo. Fomati ya haraka huacha sehemu kubwa ya data chini yake, kinachoiua ni kuandika juu yake.

Diski ni nzima. Kosa ni langu. Niliifomati kwa ext4, mfumo wa kupanga mafaili wa Linux ninayotumia mimi badala ya Windows, nikasahau kwamba wewe ni mtu wa Windows. Windows haina kisomeo cha ext4, basi ikikutana nao inadhani ni uwanja mtupu. Linux yenyewe inaisoma NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, bila shida. Tangu toleo la 5.15 la mwaka 2021, kisomeo kinachoweza pia kuiandikia kikamilifu kimo ndani ya kiini, yaani moyo wa Linux. Ni kama mimi na wewe: Kihehe nakisikia, lakini wewe Kinyakyusa hata salamu hujui, miaka yote hii!

Utauliza kwa nini sikutumia FAT32, mfumo wa mafaili wa zamani unaosomeka kila mahali. Video ya harusi ya mdogo wako ina GB 11, na FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Ilinifaa exFAT, ndugu yake mpya, ambayo Windows, Mac na Linux za siku hizi zote zinaielewa. Niliiogopa kwa sababu ya umeme wetu. exFAT haina jarida la kuandika kinachofanyika kabla hakijafanyika, ext4 inalo, na umeme hapa ulikatika mara mbili nikiwa nanakili. Mimi nikapona, mzigo ukakuangukia wewe.

Sasa fanya hivi. Kesho nakupakilia fleshi yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kwenye basi linaloondoka stendi ya Nane Nane alfajiri, shuka Ipogolo uipokee kama ile diski. Ichomeke, halafu izime Windows kwa kubonyeza Restart, si Shut down. Hapa nakuomba unielewe, maana ndipo wengi wanapokwama: tangu Windows 8, ukibonyeza Shut down mashine mara nyingi haizimiki kabisa. Inalala nusu, na kumbukumbu zake inaziacha kwenye diski ili kesho iwake upesi. Linux ikiiona patisheni ya Windows, yaani sehemu ya diski inayokaa Windows, katika hali hiyo inagoma kuiandikia. Inakufungulia kwa kusoma tu, na ni haki yake, kwani ikiandika itavuruga kilichohifadhiwa. Restart inafunga kila kitu sawasawa.

Inapowaka, bonyeza F12 mfululizo (Dell yako inatumia hicho), chagua fleshi, kisha chagua kuijaribu Ubuntu bila kuisakinisha. Hapo hapo! Ukichagua kusakinisha tutalia wote. Ikishafunguka, chomeka diski yangu, nayo itatokea pembeni kwenye orodha ya mafaili. Patisheni yako ya Windows itakuwa hapo pia, utaitambua kwa ukubwa wake. Buruta folda la harusi kutoka huku kwenda kule, uende ukanywe chai. GB 11 si mchezo kwenye tundu la USB la zamani.

Ukimaliza itoe kwa utaratibu, usiichomoe kama unang'oa muhogo.

Kuna programu za kuisoma ext4 ukiwa ndani ya Windows, lakini kwa picha za harusi sitaki tujaribie. Na hiyo diski usinirudishie haraka. Subiri nije mwenyewe Agosti, tuifomati exFAT pamoja, nawe uniwekee ulanzi, pombe yenu ya mianzi, ule mtogwa mtamu, maana mkali ulinitesa mara ya mwisho.

Wako,
Baba Lusajo