Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kutoka Mafinga

Tumsifu Yesu Kristo. Kamwene.

Kwa niaba ya mama, wadogo zangu na wajukuu wote, nawatakieni Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya, ninyi mlioko Dar, Mbeya na Makambako, na ninyi mliokwama njiani. Mwenyezi Mungu awajalie afya, amani na baraka tele. Mlioshindwa kuja hamna lawama. Nauli ya Desemba sote tunaijua, na mwenye watoto watatu akishalipa kuja na kurudi, mbolea atainunua kwa hela gani? Huku nyumbani mvua zimeshika na mahindi yameota vizuri, ila wengi wamepandia nusu mfuko pale walipozoea mfuko mzima. Kuku wa kienyeji siku hizi bei yake inaulizwa kwa sauti ya chini.

Afande, baba yetu, angekuwapo angetucheka. Baada ya vita vya Kagera Mwalimu Nyerere aliwaomba Watanzania wafunge mikanda kwa miezi 18, na kila sukari ilipopanda baba alikuwa akituuliza, "Hivi ile miezi 18, nani anahesabu?"

Hii ni Krismasi yetu ya kwanza bila yeye. Tulimzika Machi, mahindi yakiwa yamebeba. Mliofika kuzika nasi, mliotuma rambirambi na mliopiga simu tu mkalia na mama, Mungu awalipe. Sikuwahi kuwashukuru ipasavyo, nalitumia neno hili la sikukuu kulipa deni hilo.

Idi Amin wa Uganda alipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, baba alikuwa kijana wa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, hapahapa Mafinga. Alivuka mpaka wa Mutukula na wenzake, wakaendelea hadi Masaka, na Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 alikuwa huko. Hayo nimeyapata kwa rafiki zake, maana yeye akiulizwa alisema, "Tulitembea sana," halafu anauliza kama ndama amenyonya. Alirudi akaendelea na jeshi mpaka alipostaafu, na mshahara ule ule wa askari ukasomesha watu saba, wanne kati yao si wa tumbo la mama yangu. Mnajijua. Wapo wanaoita hilo ukarimu. Yeye aliliita zamu.

Sasa niseme jambo ambalo hata wadogo zangu hawalijui.

Mnakumbuka kwamba kila mkesha wa mwaka mpya, ikikaribia saa sita, Afande alichukua tochi na koti akaenda banda la ng'ombe. Sisi tulisema anaogopa wezi. Huko barabarani vijana wanachoma matairi, wanagonga madebe, fataki zinalia, na sisi tunakumbatiana sebuleni bila baba, miaka nenda rudi. Mwaka mmoja mvua ilikuwa kubwa nikamfuata na mwavuli. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, mtu mzima na ndevu zangu. Nikamkuta amesimama gizani, tochi imezimwa, mkono uko mgongoni mwa ng'ombe. Nikamuuliza, "Afande, unalinda nini?" Akasema, "Silindi kitu. Huku ng'ombe akishtuka najua ni ng'ombe."

Nilisimama naye mpaka kelele zikaisha. Hakuongeza neno, nami sikuuliza tena. Hivyo ndivyo baba alivyonisimulia vita. Leo najilaumu kwamba miaka yote ile nilikuwa upande wa sebuleni.

Kwa hiyo, ndugu zangu, na hasa vijana wetu, mnivumilie nikihubiri kidogo, mapadri wamepumzika. Tarehe 25 Julai tunasikia hotuba za Mashujaa redioni, tunatikisa kichwa, kisha tunampita mzee mwenyewe kijiweni bila hata shikamoo. Wazee wa Kagera wanatutoka mmoja mmoja. Mwenye naye nyumbani akae naye sikukuu hii, amuulize ameota nini, anaumwa wapi, karatasi zake zimefikia wapi. Baba alizunguka na bahasha yake ya kaki miaka mingi, mlango huu hadi ule, wala hakuinua sauti. Hatukustahili kumwachia azunguke peke yake. Na nyie mnaonunua fataki, hela hiyo ingetosha kumpelekea jirani sukari na sabuni. Kama lazima zilie, zilie mbali na nyumba za wazee. Msinywe mpaka mshindwe kuwatambua wake zenu. Ada za Januari zinakuja, na ada haijui kama tulisherehekea. Walioachiana maneno kwenye matanga, mimi nikiwa wa kwanza, tupatane kabla ya mwaka kugeuka. Nimeshampigia mdogo wangu wa Uyole. Hakupokea. Nitapiga tena.

Misa ya kumwombea Afande ni tarehe 27, saa moja asubuhi, na baada yake chai kwa mama. Hakuna michango, mje tu. Ulanzi upo kwa wanaoutaka.

Nawatakia tena sikukuu njema na mwaka wenye neema.

Mkesha wa mwaka mpya, ikifika saa sita, anayetaka kunipa heri asinitafute sebuleni. Nitakuwa bandani.