Barua kwa Mwajuma: siku tuliyokwenda Ujiji na watoto

Mwanga, Kigoma
29 Desemba

Mpendwa shoga yangu Mwajuma,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa watoto. Sisi hatujambo, mvua inanyesha karibu kila siku na udongo huu mwekundu umeingia mpaka kwenye mashuka. Natumaini nanyi Tabora mmeipata, maana barua yako ya mwisho ilikuwa na huzuni ya mahindi.

Nimechelewa kukujibu, unaijua Desemba ya fundi cherehani. Kila mtu anataka nguo ya sikukuu, na kila mtu anaileta wiki ya mwisho. Nilishona mpaka usiku wa manane mkesha wa Krismasi, wateja wamekaa kwenye ngazi wananisubiri nitie vifungo. Sasa nimepumua, watoto wamelala, nataka nikueleze jambo moja taratibu. Nina shida nawe ya kiualimu, utaiona mbele.

Shule zilipofungwa, binamu zao wa Dar waliwatumia video wakiwa kwenye mabwawa ya kuteleza ya Kunduchi. Video ile ilitazamwa kwenye simu yangu mpaka chaji ikaisha. Mtoto anapanda juu kama ghorofani, anakaa kwenye mtelezo, anashuka akipiga kelele, mara chubwi majini. Kassim akawa kila akiamka ananiuliza, "Mama, leo ndiyo tunaenda?" Kwake Dar ni kama sokoni hapa Mwanga. Nilikaa nikapiga hesabu ya nauli ya watu wanne kwenda na kurudi, viingilio, kula na kulala, nikalifunga daftari. Niliumia, sikufichi. Mtoto akitamani kucheza hana kosa, na mimi mwenyewe nilitamani kuwaona wakiteleza vile. Lakini mwaka huu haikuwezekana. Nikawaahidi siku moja nzima ya kutoka, bila cherehani, bila simu ya mteja.

Musa alitaka Gombe akaone sokwe. Ila kule watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe msituni, kwa kuwa wanyama wale hupata maradhi yetu, hata mafua tu yanaweza kuwaua. Nikamwambia asubiri akue, akanuna kidogo. Basi tukakata shauri twende Ujiji, kwanza pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, yule mmisionari mzungu wa zamani, kisha ziwani. Nimezaliwa Kigoma hii, Mwajuma, na mara ya mwisho kuingia pale nilikuwa darasa la nne, tumepangwa mistari miwili na mwalimu ana fimbo.

Tuliondoka siku ya pili baada ya Krismasi. Nilifunga chapati, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai. Daladala ilijaa, Zena akakaa mapajani kwangu na Kassim mapajani kwa mama mmoja tusiyemjua aliyempa muwa, na akaendelea kumkumbatia mpaka tunashuka.

Pale mahali pametulia. Kuna miembe miwili mikubwa, yenyewe siyo ule uliokuwapo, ule ulikufa zamani, hii inasemwa kuwa ni uzao wake. Chini yake kuna mnara wa mawe wenye kibao kinachosema kwamba hapo ndipo Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta, alipokutana na Livingstone, 10 Novemba 1871. Kijana anayetembeza wageni alituambia enzi hizo maji ya ziwa yalifika karibu zaidi, kisha yakarudi nyuma. Watoto wakageuka wote watatu kulitafuta ziwa, na Kassim akauliza limekimbilia wapi.

Ndani kuna sanamu za wale wazungu wawili, ukubwa wa mtu, wamesimama wanasalimiana. Zena alikwenda karibu akawatazama viatu. Musa yeye alizunguka nyuma ya sanamu, akarudi mbele, akazunguka tena. Nilidhani anataka kuzigusa, nikamwita. Akaniuliza mimi, siyo yule kijana: "Mama, mizigo yao iko wapi?"

Nikamwambia mizigo gani. Akasema, "Si wametoka baharini? Vitu vyao nani kabeba?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilisoma habari hii, nikaijibia mtihani, na jina la mwembe nalikumbuka, lakini nani alibeba sikuwahi kuuliza. Yule kijana, Mungu ambariki, alifurahi kama aliyekuwa anasubiri swali hilo tangu asubuhi. Akawakalisha watoto kwenye kizingiti akaanza upya, safari hii bila kuwataja wazungu kwanza. Akawaambia kila pagazi alibeba kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kichwani au begani. Vitambaa, shanga, nyaya za shaba, maana ndizo zilizokuwa fedha za njiani. Kutoka pwani mpaka huku kwa treni ni zaidi ya kilomita 1,200, na wao waliipiga kwa miguu. Akasema mapagazi waliosifika kuliko wote walikuwa Wanyamwezi. Hapo nikakukumbuka wewe, nikawaambia, "Hao ni watu wa kwao Mama Mwajuma." Musa akanitazama kama niliyemficha kitu miaka yote.

Yule kijana akawaeleza habari ya Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyemkimbilia Stanley na kumsalimia kabla hata hajafika kwa bwana wake. Na Chuma, mwenzake. Kwamba Livingstone alipofariki mwaka 1873, huko iliko Zambia leo, wao na wenzao walimzika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba mpaka Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Na wakapita kwenu Tabora, Mwajuma! Nilikuwa sijui hilo. Zena akauliza chakula alipika nani njia yote hiyo, na mimi nikaona aibu kwa yule kijana, nikidhani swali la kitoto litamkera. Kumbe jibu lipo. Palikuwa na mwanamke anaitwa Halima, mpishi wa Livingstone. Alikuwapo hapo hapo Ujiji siku Stanley anaingia, akihangaika na mapishi ya mgeni, na alikuwapo pia kwenye ule msafara wa kurudisha mwili. Zena alilitamka jina lile mara mbili tatu taratibu, kama anayelionja.

Nilisimama pale nikamfikiria bibi yangu mzaa mama. Unakumbuka tulivyokuwa bwenini nikakwambia alikuwa Mmanyema, watu wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Nyumbani haikuwahi kusemwa walivukaje. Wako waliokuja na mizigo kwa ujira, wako waliokuja na kamba shingoni, na Ujiji iliwapokea wote. Bibi alikuwa akiulizwa anasema tu, "Tulikuja na watu." Nimeisikia sentensi hiyo utoto mzima, na juzi ndiyo kwanza imeniingia. Sikuwaambia watoto siku hiyo. Nitamwambia Musa akifika umri wa kuibeba.

Baadaye tukashuka mwaloni, pale maboti ya ziwani yanapofikia. Kwa Kassim hapo ndipo safari ilipoanza. Dagaa walikuwa wameanikwa, akina mama wanawageuza haraka kwa kuwa wingu lilikuwa limejipanga upande wa Kongo. Kuna mafundi wanaunda maboti pale, na mmoja alikuwa anatia kalafati. Anachukua pamba, anaisokota kwenye kiganja chenye mawese mpaka inakuwa kama utambi mwekundu, anaiweka kwenye ufa wa mbao mbili, kisha patasi butu na nyundo, to, to, to, pamba inamezwa. Anapitisha kidole, asiporidhika anaongeza. Musa aliomba ajaribu. Fundi akampa utambi mmoja na ufa wa urefu wa shubiri, akamwacha ahangaike nao kama robo saa bila kumkemea, kisha akautoa wote akaurudishia vizuri, kimya kimya. Mtoto hakuona haya, alikuwa anatazama mikono.

Na hapo ndipo nilipopata hofu ambayo bado ninayo. Tulipokuwa tunatazama kalafati, Kassim akaniponyoka. Nageuka, hayupo. Ziwa hili si bwawa, Mwajuma, ni la pili kwa kina duniani, na pale maboti yanagongana hata mtu mzima anaweza kubanwa. Niliita jina lake mpaka sauti ikakatika. Zena ndiye aliyemwona, amechuchumaa nyuma ya chanja za dagaa, anawala wabichi kwa wakavu, na mama mwenye dagaa anamtazama tu anacheka. Nilimshika nikalia mbele za watu. Yule mama akanishika bega akaniambia, "Pole mama, huku mtoto ni wa wote, tulikuwa tunamwona." Alikataa kulipwa. Nikanunua dagaa wake kopo tatu ambazo sikuzipangia, na wewe moja ni yako.

Tulikula ugali wa muhogo na migebuka ya kukaanga kwenye kibanda, mvua ikatupiga, kiatu kimoja cha Zena kikabaki kwenye tope, tukarudi nyumbani tumeloa.

Sasa sikiliza yanayoendelea tangu juzi. Asubuhi yake naamka nakuta Musa amejaza maji ndoo ya lita 20, ameitia kichwani, anaizungusha nyumba. Nikamuuliza anafanya nini, akasema ndoo hiyo ni kilo 20, bado kumi na kitu, anataka kujua pagazi alikuwa anasikia nini shingoni. Alizunguka mara tatu akaitua. Jioni wenziwe wa mtaani wakaja, wakafanya msafara kutoka mlangoni kwangu mpaka kwenye muhogo wa jirani na kurudi. Zena ndiye Halima, ana sufuria langu la mchuzi na haruhusu mtu ale kabla ya kutua mzigo. Kassim ndiye anayetangulia na bendera, ambayo ni kipande cha kanga niliyokuwa nimekata vibaya. Livingstone hajapatikana, kila mtoto amekataa, wamemweka mto wa kitandani wakaufunga kamba.

Nimefurahi mpaka sijui niseme nini. Ila maswali yamenishinda. Walilala wapi? Pagazi akiugua nani alichukua mzigo wake? Mke wake alijuaje kama yuko hai? Jana usiku Musa kaniuliza kama mapagazi wana kaburi lao mahali. Namjibu sijui, namjibu tutamuuliza Mama Mwajuma, yeye ni mwalimu wa historia na ni wa huko huko. Kwa hiyo jina lako limeshatumika, usinikane.

Yule kijana wa Ujiji alituambia kwamba Stanley na Livingstone walitoka hapa wakaenda pamoja mpaka Kwihara, hapo kwenu nje ya mji, wakafika Februari 1872. Stanley akaondoka Machi, Livingstone akabaki kwenye lile tembe, ile nyumba ya udongo, mpaka Agosti akisubiri mapagazi kutoka pwani. Walikuja zaidi ya hamsini. Basi ndiyo hao Musa anawatafuta. Umewahi kuingia kwenye hilo tembe? Mlango huwa wazi, au kuna mtu wa kumtafuta mwenye ufunguo? Na wazee wa huko bado wapo wenye kukumbuka nyimbo za njiani, hata ubeti mmoja? Niulizie kabla hatujaja, maana nimeamua tunakuja, likizo ya Juni, kwa treni, wote wanne. Nimeanza kuweka kando fedha ya kila gauni la tatu.

Tutalala chini, usihangaike na vitanda. Nitakuletea mawese lita tano na dagaa wale. Wewe niandalie asali ya miombo, na umwambie mzee wako, baba Farida, kuna mtoto wa miaka kumi na mmoja anakuja na daftari.

Nisalimie Farida na mdogo wake. Zena ananisimamia hapa, kumbe hakulala, anasema nikuulize kama Halima alikuwa na watoto, na kama aliwaacha kwa nani.

Wako akupendaye,
Asha