Risala ya Chama cha Wakunga kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wakunga Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa idara ya afya, wajumbe wa bodi ya kituo, wakunga wenzetu, akina mama mliofika na watoto wenu, mabibi na mabwana.

Kwa niaba ya wanachama wote tunakukaribisha kwa heshima na taadhima, na kukushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ili uwe nasi katika siku hii inayoadhimishwa kila tarehe 5 Mei tangu mwaka 1992. Chama chetu kilianza kama kikundi cha kufarijiana, kikapata katiba, kikapata muhuri. Mengine yamo katika kabrasha ulilopewa, hatutakuchosha nayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio yetu ni makubwa. Tumeleta mageuzi katika faragha ya wazazi, kwa maana kwamba kila kitanda cha kujifungulia sasa kina pazia. Tumeimarisha mfumo wa takwimu, yaani ubao mpya ukutani pamoja na chaki za kutosha. Aidha, wanachama wamejinoa katika kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kulia aanze kupumua ndani ya dakika ya kwanza, kwa kutumia mwanasesere tuliyemwazima na ambaye, kwa bahati nzuri, mwenyewe hajamdai.

Baada ya mafanikio hayo tunaomba utuvumilie tukueleze changamoto moja tu. Tunazo nyingi, lakini tumejifunza kwamba risala yenye maombi kumi hujibiwa kwa makofi. Changamoto hiyo ni kukosekana kwa jokofu la dawa ndani ya chumba cha kujifungulia, na kukosekana kwa waraka wa kisera unaolifanya jokofu hilo kuwa haki ya mzazi badala ya hisani ya kiongozi.

Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 duniani walifariki kutokana na ujauzito na uzazi, sawa na vifo 197 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, ilhali mataifa yalikubaliana kushuka chini ya 70 ifikapo mwaka 2030. Kinachoongoza kwa kuwaua ni kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Dawa ya kwanza ya kukinga na kutibu hali hiyo ni oksitosini, ambayo huufanya mji wa mimba ujikaze na kuibana mishipa iliyoachwa wazi kondo linapotoka. Sharti lake ni kutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi. Ikikaa kwenye joto hupungua nguvu bila kubadilika kwa macho, hivyo mkunga huchoma sindano akiamini ametibu, na damu inaendelea kutoka.

Hapa kituoni oksitosini hutunzwa katika jokofu la chanjo, na chumba cha chanjo hufungwa jioni. Ili zamu ya usiku isikose dawa, vichupa vichache hutolewa mapema na kuwekwa kwenye trei juu ya kabati, pembeni ya chombo cha kuchemshia vifaa, kwa sababu hakuna sehemu nyingine. Visivyotumika hurudishwa asubuhi, na jioni hutolewa tena, na hakuna awezaye kusema kichupa kipi kimetoka mara ngapi. Mkunga akiwa peke yake, mkono mmoja ukikanda tumbo la mama na mwingine ukitafuta mshipa, mtoto hubaki akisubiri kufunikwa na kunyonyeshwa katika ile saa ya kwanza tunayoihimiza kliniki kila siku.

Utatuzi wake unajulikana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya watoto, UNICEF, na ya idadi ya watu, UNFPA, yalitoa tamko la pamoja kuhusu utunzaji wa oksitosini, na kueleza kuwa inaweza kuingizwa katika mnyororo baridi wa chanjo, yaani mfumo wa kuzitunza na kuzisafirisha zikiwa baridi muda wote. Kinachokwamisha ni mafungu: jokofu hununuliwa kwa fungu la chanjo, dawa kwa fungu lingine, na kila fungu lina mwenyewe.

Tunatambua kwamba ipo dawa nyingine, kabetosini isiyoharibiwa na joto, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018. Hiyo ni ya kukinga. Mama akishaanza kutokwa damu nyingi, tunarudi kwenye oksitosini. Tunatambua pia utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ambako damu ilipimwa kwa mfuko wenye alama za vipimo na matibabu yote kutolewa kwa mkupuo, na madhara makubwa yakapungua kwa takriban asilimia 60. Tuko tayari kuanza utaratibu huo hata kesho, ila tutakuwa tunagundua tatizo mapema na kulitibu kwa dawa iliyolala kwenye trei.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi hili si geni. Mgeni rasmi mmoja aliyekutangulia alilipokea kwa moyo mkunjufu na kuahidi jokofu kabla ya mwisho wa mwaka, bila kutaja mwaka. Aliyemfuata aliagiza iundwe kamati ya kufuatilia ahadi ya kwanza. Kamati hiyo ipo hai, na ndiyo iliyoandika risala hii.

Kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba mambo mawili yanayokwenda pamoja: jokofu lenye kipimajoto na umeme wa jua, liwekwe ndani ya chumba cha kujifungulia na ufunguo wake ukae na mkunga wa zamu, na waraka utakaoagiza kwamba mafungu ya chanjo na ya uzazi yachangie utunzaji wa oksitosini katika kila kituo kinachozalisha. Rasimu ya waraka tumeiambatisha. Nafasi ya tarehe na saini tumeiacha wazi, na kalamu ipo mezani.

Tunaomba kuwasilisha.