Risala ya Klabu ya Tehama kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Tehama, tunakukaribisha kwa mikono miwili na kukushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu.

Ndugu Mgeni Rasmi, klabu hii inasaidia kutunza chumba cha seva, yaani kompyuta kuu zinazohudumia shule nzima. Matokeo ya mitihani, maktaba ya kidijitali na mtandao wa madarasa yote vinategemea chumba hicho kidogo kisicho na dirisha, na adui yake mkubwa ni joto. Karibu umeme wote unaoingia kwenye seva huishia kuwa joto. Mitambo yetu inakula wati 1,500 usiku na mchana, yaani joto la takriban BTU 5,100 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto). Kiyoyozi tulichonacho kinaweza kuondoa BTU 9,000 kwa saa, kwa hesabu kinatosha kabisa. Hata hivyo seva za juu zilikuwa zikizimika zenyewe.

Sababu tuliikuta ndani ya kabati linalobeba seva hizo. Seva huvuta hewa kwa mbele na kuitoa kwa nyuma. Kulikuwa na nafasi tupu kati ya seva na seva, na hewa ya moto ilipenya humo ikarudi mbele kuvutwa upya. Ukiweka kiganja mbele ya seva ya juu kabisa, uliisikia. Tuliziba nafasi zile kwa vibao, tukafunga vizuri nyaya zilizokuwa zimeziba njia ya hewa kwa nyuma, na tukaelekeza kiyoyozi kipulize upande wa mbele wa kabati. Seva kuukuu tulizizima, kazi zake zikahamia kwenye mashine moja mpya zaidi. Kiyoyozi nacho hatukiweki tena nyuzi 16. Wataalamu wa ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa viyoyozi, wanapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi, na sisi tunalenga 24. Kazi hii ilihitaji mikono na uangalifu kuliko fedha, na tunajivunia.

Changamoto iliyobaki inatunyima usingizi. Umeme ukikatika, UPS, kifaa chenye betri za akiba, inaendelea kulisha seva lakini kiyoyozi kinazima, na ndani ya dakika chache chumba kinakuwa tanuri. Umeme ukirudi, kiyoyozi hakiwaki mpaka mtu abonyeze rimoti. Ikitokea Jumamosi usiku, nani atabonyeza? Joto hilo linamaliza pia betri za UPS, ambazo kwa kawaida hupoteza takriban nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25.

Ndugu Mgeni Rasmi, hatuombi mtambo mkubwa. Kiyoyozi kimoja kikubwa kikiharibika, chumba kinabaki mikono mitupu. Tunaomba kiyoyozi cha pili, kidogo kama hiki, kinachojiwasha chenyewe umeme ukirudi, ili viwili vipokezane zamu. Tunaomba pia kipimajoto kinachotuma ujumbe kwenye simu ya mwalimu mlezi joto linapopanda, na fungu dogo la kuhudumia viyoyozi, kwani chujio likijaa vumbi na bomba la maji likiziba, maji hudondokea mitambo. Kusafisha chujio tutafanya wenyewe.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.