Kwa mwanangu, kabla hujapanda meli

Malindi, Ijumaa usiku

Mamangu,

Assalaam aleikum. Hatujambo sote, ila mama yako mguu umemrudia na hataki kwenda kuuonyesha. Mjomba wako ameniambia safari yenu imesogezwa mbele, mnaondoka Alhamisi, na kwamba mkataba mtapewa mkishafika melini. Kwa nini nimeyasikia kwa mjomba wako? Basi, hilo tuliache. Mkataba, mwanangu. Mtu hatii sahihi akiwa tayari yuko juu ya maji. Anatia sahihi akiwa nchi kavu, amekaa kitako, karatasi zote ziko mbele yake.

Juzi nimeitazama tena Prometheus. Ile niliyoizima. Namna nilivyoizima waijua, sina haja ya kuisimulia. Tangu mwaka ule wa 2012 nimekuwa nikiwaambia watu pale karakana kwamba ni filamu iliyokuja kuiharibu Alien, ile ya zamani ya hadithi hiyo hiyo, na kumbe nilikuwa nayasema hayo mwisho wake sijauona. Juzi nimeuona, peke yangu, mama yako amelala.

Nakumbuka wewe Alien uliipenda kwa sababu ya lile dude. Mimi nilipoionea kwenye banda la video nilikuwa ndiyo kwanza naanza ufundi, na nilichokiona ni kazi. Watu saba wako kwenye meli ya kuvuta, nyuma yao shehena ya tani milioni 20 za mawe ya madini, wanarudi makwao. Mafundi wawili, Parker na Brett, wako chini kwenye mvuke, wanalalamika kwamba fungu lao ni dogo kuliko la wakubwa wa juu. Hao niliwajua. Halafu inanaswa ishara kutoka mahali pasipo watu, na wanaambiwa wageuze chombo wakaangalie. Parker anasema hiyo si kazi yao. Ash, afisa wa sayansi, anamsomea kifungu: ishara yoyote ya namna hiyo lazima ichunguzwe, asiyekwenda anapoteza malipo yote. Kimeandikwa, na Parker ametia sahihi yake. Wakaenda. Aliyetoka hai ni Ripley, mwanamke mmoja wa wale saba, na paka.

Sasa unaelewa kwa nini silali.

Upo Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, Kenya iliuridhia mwaka 2014. Unasema baharia apewe nafasi ya kuyasoma masharti na kutaka ushauri kabla hajatia sahihi, abaki na nakala yake, na asitozwe pesa ya kutafutiwa kazi. Yule wakala aliyekwambia kuna "ada ya kuandikishwa" umempa? Usinifiche. Ukiwa umempa sitagomba, ila nataka risiti. Na umuulize kama ana leseni ya Mamlaka ya Bahari, akuonyeshe karatasi yenyewe, si kwa maneno. Wewe umesoma uhandisi wa meli, mimi injini nilijifunza kwa kuchomwa na mafuta, lakini kwenye karatasi wewe una haraka kama mimi nilivyokuwa. Mashua ile niliyoipoteza ilipotea kwa ukurasa wa tatu ambao sikuufunua.

Nirudi kwenye Prometheus. Uzuri wake siwezi kuukana. Pale mwanzo, yule mrefu mweupe, ambaye kwenye hadithi ni wa kabila lililotuumba, anasimama juu ya maporomoko ya maji, anakunywa kile kitu cheusi, mwili wake unamomonyoka na kuingia mtoni: nimeirudia mara tatu. Na pale Shaw, yule mtafiti mwanamke, anapoingia kwenye mashine kujipasua tumbo mwenyewe, nilisimama, sikuweza kukaa. Lakini wale wataalamu! Mtu wa elimu ya viumbe anamwona nyoka wa kigeni ameinua kichwa na anamnyooshea mkono kama anamwita kuku. Mtoto yeyote wa hapa aliyewahi kukata kuni asingefanya hivyo. Mwenye kazi ya kuchora ramani ndiye anayepotea. Na wanavua kofia zao za anga kwa sababu tu hewa inavutika. Wewe usivue. Nikisema usivue najua hakuna kofia. Namaanisha pasi na kitabu chako cha baharia vikae kwako, na mahali ambapo wote wanasema hapana neno, wewe ngoja kidogo.

Tena chomboni wamo 17, karibu wote wamelazwa usingizi, wanasafirishwa hadi huko, na kazi yenyewe wengi wanaelezwa wameshafika. Wameshafika! Na mzee mwenye fedha kumbe yumo humo humo chomboni, amefichwa, ana lake analolitafuta. Ndiyo hayo ya kupewa mkataba melini.

Na Vickers, yule mwanamke msimamizi wa kampuni, ambaye watu wote wanamchukia. Holloway, mwenzake Shaw, anarudi anaumwa, Vickers anamzuia mlangoni, anamchoma moto. Nilidhani nitamlaani. Nikamkumbuka Ripley wa Alien, naye alikataa kufungua mlango kwa aliyekuwa na kitu usoni, kwa kuwa sheria ilisema hivyo, na Ash akafungua. Melini wewe ni mtoto wa kike peke yako kwenye chumba cha injini. Watasema una roho ngumu. Iwe ngumu.

Kilichoniudhi mwaka ule ni lile jitu. Kwenye Alien, ile ya 1979, ndani ya chombo kigeni wanachokikuta, limekaa kitini, kubwa kama jahazi lililopandishwa pwani, mbavu zimepindukia nje, uso una kitu kama mkonga, na mwili umeota pamoja na kiti hata hujui kipi kinaishia wapi. Ridley Scott, mwongozaji wa filamu zote mbili, aliwavisha wanawe mavazi ya anga wasimame kando yake, ili lionekane kubwa zaidi. Hakuna anayesema lilikuwa nani. Wanalimulika kwa taa, wanaendelea na safari yao. Kwangu mimi lilikuwa nahodha aliyekataa kuuacha usukani. Kisha akaja Scott yule yule, baada ya miaka 33, akasema ule si mwili, ni vazi tu, ndani yake kuna mtu wa sura kama yetu. Niliona nimenyang'anywa.

Na ndipo ukauliza, "Baba, kumbe ni sisi?"

Nilikwambia maswali hayo ni ya kukufuru. Haikuwa dini. Muumba ni mmoja na hadithi ni hadithi, hilo wewe ulilijua tangu chuoni, hukuhitaji kukumbushwa kwa kelele. Tangu siku ile ukawa maswali yako unayapeleka kwa mjomba wako. Hata ya safari hii.

Mwisho nimeuona, na umenichanganya. Meli imekwisha, wote wamekufa, na Shaw hataki kurudi nyumbani. Anakitia kichwa cha David, yule roboti mwenye sura ya mtu, kwenye mkoba na kwenda walikotoka wale warefu weupe, kuwauliza kwa nini walitaka kutuua. David hamwelewi, anaona jibu halina faida. Hapo niliipenda, mwanangu. Bado nasema jitu lilikuwa zuri zaidi lisipojulikana, hilo hunitoi. Lakini yule mwanamke na swali lake niliwapenda. Ile iliyofuata, ya 2017, sitaki kuizungumza. Shaw alimrekebisha David kwa mikono yake, akamwamini, na tazama David alivyomlipa.

Pampu ya kisima nimeibadilisha sili, inavuta vizuri sasa. Mbuzi mweusi amezaa wawili, dada yako anasema mmoja ni wako. Makuti ya upande wa jikoni yatangoja hadi baada ya mvua. Mama yako amekufungia achari ya ndimu, chupa mbili, na viatu vyako vya kazi nimevipaka mafuta. Nitavileta mwenyewe Mombasa Jumatano, nipande basi la alfajiri. Usimtume mjomba wako kunipokea, uje wewe.

Mwambie wakala akupe mkataba kabla ya siku hiyo. Akisema haiwezekani, nipigie wakati huo huo, hata kama ni usiku. Akikupa, usitie sahihi. Tutausoma pamoja pale pale stendi, kuanzia ukurasa wa kwanza, nami miwani ninayo.

Babako